Mgomba Haufufuki

Pasaka ya Karagwe ilikuja wakati mbaya wa fedha. Kahawa ilikuwa bado mbichi mtini, mavuno yako mbele, na Aprili ni mwezi wa mvua na jembe. Hapo ndipo walanguzi wa butura walipopita nyumba kwa nyumba. Butura, kwa msomaji asiyetoka Kagera, ni kuuza kahawa ingali ua au punje changa, kwa bei ya mtu mwenye shida. Serikali iliikataza, ushirika uliikemea, mapadri waliihubiri, na bado watoto wengi tuliovaa nguo mpya asubuhi ya Pasaka tulikuwa tumevaa kahawa ambayo haijaiva.

Nazungumzia miaka ya mwanzo ya 90. Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Karagwe. Ilikuja kujitegemea mwaka 2012. Jimbo Katoliki la Kayanga nalo lilizaliwa baadaye, mwaka 2008, kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa Rulenge, jimbo la Askofu Christopher Mwoleka, yule aliyeamua kuishi katika kijiji cha ujamaa na kushika jembe pamoja na wanakijiji. Kigango chetu kilikaa juu ya mteremko unaoshuka kwenye bonde la mto Kagera. Ng'ambo ni Rwanda, lakini mbele yetu ilikuwa mbuga ya Akagera, kwa hiyo usiku hapakuwa na taa ya kutazama upande ule. Palikuwa na giza, mafunjo, na sauti ya viboko.

Padri alitufikia kwa nadra. Aliyetulea katika dini ni katekista, na kama ilivyo vijijini, hakuna aliyemwita katekista. Aliitwa Mwalimu. Alikuwa mkulima mwenye baiskeli moja, Biblia iliyofungwa kwa mpira wa tairi, na tabia ya kubishana ambayo haikumsaidia kupata sadaka kubwa. Wazee wengine walimwona mkavu. Bibi yangu alimpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Bibi alikuwa na makaburi mawili nyuma ya jiko. Kwetu wafu hawapelekwi mbali. Mtu huzikwa katika kibanja chake, katikati ya migomba, hatua chache tu kutoka mlangoni. Ukienda kukata jani la kufunikia chakula unapita kwa marehemu. Ukitafuta kuku jioni unamtafuta hapo. Makaburi yale mawili yalikuwa ya baba zangu wadogo, wanawe wa mwisho, waliokufa kwa ugonjwa ambao watu waliuita Juliana kabla haujapata jina la hospitali. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ilipofika miaka ninayoisimulia, karibu kila kibanja nilichokijua kilikuwa na udongo mpya. Baba zangu hao walikufa wamekonda kiasi kwamba Bibi aliweza kumnyanyua mmoja wao peke yake kumtoa juani, naye alikuwa mwanamume aliyewahi kubeba gunia la kahawa begani hadi Nkwenda.

Kwaresima ya mwaka 1994 jumuiya yetu ilikutana uani kwa Bibi. Jumuiya ndogondogo zilikuwa na nguvu sana Rulenge. Mlisali, mlisoma, mlichanga, na mlisutana. Jioni hiyo mwenyekiti, mtu mwema na msemaji mzuri, alitueleza ufufuko kwa mgomba. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, alisema, kisha hukatwa. Lakini ubavuni pake kuna chipukizi. Ukidhani umekufa, umekwisha kuinuka. Na Kristo vivyo hivyo. Watu waliitikia kwa vichwa. Ni mfano ambao kila mmoja wetu aliuelewa kwa miguu yake, maana tulikuwa tumekaa juu ya majani yake makavu.

Mwalimu alisubiri watu wamalize kuitikia. Kisha akasema mgomba haufufuki.

"Ukikatwa umekatwa," alisema. "Kinachoinuka ni mwanawe. Huo ni urithi, mwenyekiti, na urithi tunaujua hata bila Injili. Wale wanawake hawakwenda kaburini wakamkuta mtoto wa Yesu. Walikuwa wanamtafuta yeye."

Palitokea zogo. Mtu mmoja aliyewahi kufundisha kipaimara alikumbusha kwamba hata Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alitumia mbegu. Mwalimu alikubali haraka, kisha akageuza: Paulo anasema Mungu huipa kila mbegu mwili wake yenyewe. Mgomba haupewi mwili, unapisha tu. Mimi sikuyaelewa hayo. Nilimwelewa Bibi, aliyekuwa amenyamaza muda wote akimenya ndizi kwa ajili ya chakula cha wageni, na aliyesema bila kuinua macho:

"Mwalimu yuko sawa. Tangu nizike, kila anayekuja ananiambia nina bahati, nimebakiwa na wajukuu. Wajukuu ni wajukuu. Mimi nataka watoto wangu."

Nilikuwa mmoja wa wajukuu hao na nilikuwa nimekaa karibu na goti lake. Iliuma kidogo, sitasema haikuuma. Lakini sikuwahi tena kusikia mahubiri ya mbegu, yai au chipukizi bila kuisikia sauti hiyo chini yake, na hadi leo naona kwamba wahubiri wengi wa Pasaka wanatuuzia masika. Wanatuambia kwamba maisha yanaendelea. Hilo halihitaji malaika wala jiwe lililoviringishwa. Maisha yalikuwa yanaendelea kwa Bibi kila asubuhi, yakidai ada ya shule na sabuni. Shida yake ilikuwa kwamba yaliendelea bila watu wawili aliowajua kwa majina.

Kisha akamwuliza Mwalimu lile lililokuwa moyoni mwake. Wanawe watafufuka na mwili upi, ule wa kubeba gunia au ule wa mwisho? Mwalimu alisema atafikiri. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuwa na jibu la kila kitu mfukoni.

Mkesha tuliuendea parokiani Isingiro, kwa miguu, Jumamosi ya tarehe 2 Aprili. Mvua ilitukuta njiani kama kawaida, na kuni za moto mpya zilikuwa zimelowa, kwa hiyo mzee wa kanisa alizimwagia mafuta ya taa kabla padri hajatoka sakristia, ili muujiza usichelewe. Moto ukaruka hadi karibu na paa la veranda, watoto tukashangilia, tukakemewa. Mshumaa wa Pasaka ukawashwa, ukapita katikati ya giza la kanisa, na mwanga ukagawanywa kutoka mkono hadi mkono. Wengi wetu hatukuwa na mishumaa mizima. Tulikuwa na vipande vilivyobaki kutoka Krismasi. Kengele zilizonyamaza tangu Alhamisi Kuu zikapigwa zote kwenye wimbo wa Utukufu, pamoja na ngoma, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka padri akalazimika kungoja.

Mwaka huo Injili ilikuwa ya Marko. Padri alisoma hadi pale kijana mwenye vazi jeupe anapowatuma wale wanawake wakawaambie wanafunzi. Kesho yake Mwalimu alituonyesha aya inayofuata, ambayo haikusomwa: wanawake walikimbia, wala hawakumwambia mtu neno, kwa kuwa waliogopa. Alifurahi sana alipotuonyesha hivyo. Alipenda kila mahali ambapo Biblia haijipambi.

Jumapili tulikula wali. Mtoto wa mjini hawezi kujua maana ya sentensi hiyo. Ndizi na maharage vilikuwa chakula. Wali ulikuwa sikukuu. Wanaume walikuwa wamechanga fedha za ng'ombe mmoja, akachinjwa alfajiri, na kila nyumba ilichukua fungu lake likiwa limefungwa kwenye jani la mgomba. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilinywewa hadi jioni. Bibi alikuwa amepalilia makaburi yake mawili siku ya Ijumaa Kuu, na alipokuwa akipakua alikaa kidogo na mwiko mkononi akitazama nyuma ya jiko, kama mtu anayehesabu sahani.

Siku tatu baadaye, Jumatano ya tarehe 6, ndege iliyombeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa Kigali. Walikuwa wanatoka kwetu, Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi. Redio ilisema, wakubwa wakakusanyika penye redio, na sisi watoto tukafukuzwa tukacheze mbali. Nakumbuka hofu yao ilikuwa ya watu wanaojua. Karagwe na Rwanda zimeoana kwa vizazi. Wengi walikuwa na shangazi au mkwe ng'ambo.

Jumapili iliyofuata, tarehe 10 Aprili, padri hakuwepo, na Mwalimu aliongoza Ibada ya Neno kigangoni. Injili ya Jumapili ya pili ya Pasaka haibadiliki mwaka hadi mwaka: ni ya Tomaso, yule aliyesema hatasadiki mpaka atie kidole penye alama za misumari. Tangu mwaka 2000 siku hiyo inaitwa Jumapili ya Huruma ya Mungu, lakini kwetu ilikuwa Jumapili ya Tomaso tu, Jumapili ya viti vitupu, kwa kuwa waliokuja kuonyesha nguo walikwisha kuzionyesha. Mwalimu alisimama na jibu la Bibi. Alisema amefikiri wiki nzima. Yesu aliyefufuka angeweza kurudi na mikono laini; aliyeweza kutoka kaburini hakushindwa kufunga tundu la msumari. Lakini alirudi na matundu yale, na ndiyo aliyoyatumia kujitambulisha. Hakuwaambia wanafunzi wamtambue kwa sura. Aliwaonyesha mikono na ubavu.

"Kwa hiyo mama," alisema akimtazama Bibi mbele ya watu wote, "nafikiri hawatarudi kana kwamba hawakuugua. Wembamba ule utakuwepo kwa namna fulani, ila hautawaua tena. Utaujua mwili wao kwa sababu ndio uliouosha."

Bibi alikaa kimya. Sijui kama aliridhika. Alikuwa ametaka mwili wa gunia.

Halafu mto ukaanza kuleta. Kagera hutiririka kwenda kaskazini ukitenganisha Rwanda na sisi, hufika Murongo, hupinda kuelekea mashariki kati yetu na Uganda, hupita Kyaka na kuingia Ziwa Victoria. Kuanzia mwisho wa Aprili na Mei yote, ulibeba maiti za waliouawa Rwanda. Wavuvi ndio walioona kwanza. Mimi sikuona, watoto tulikatazwa kushuka bondeni. Niliona waliorudi kutoka kuona: wanaume waliokaa kwenye magogo bila kuongea, mmoja akinawa mikono mara ya pili na ya tatu. Walisimulia watu waliofungwa mikono kwa nyuma, na mama aliyefungwa pamoja na mtoto. Samaki wa mtoni hakuliwa tena nyumbani kwetu, na hata kule ziwani, mbali sana na sisi, wauza samaki walikosa wateja. Wakati huo huo, upande wa Ngara, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, tarehe 28 na 29 Aprili.

Bibi alimwita Mwalimu tena. Safari hii hakuuliza habari za wanawe. Wanawe walikuwa na makaburi, misalaba ya mbao, na mtu wa kuwapalilia. Aliuliza hawa wa mtoni nani atawaita, maana hakuna anayejua majina yao na samaki wamekwisha kuwagawana. Mwalimu alichora mto wote chini kwa kijiti: Kagera unaingia ziwani, ziwa linatoa Nile, Nile inakwenda hadi Misri na kumwaga baharini. Kisha akasema Ufunuo wa Yohane unaahidi kwamba bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake. Nilipenda mchoro ule kuliko jibu. Nadhani hata yeye aliuchora ili mikono yake ipate kazi.

Katikati ya mwaka kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa wilayani kwetu: Kagenyi, Rubwera, Chabalisa na nyinginezo. Miti iliisha vilimani kwa kuni. Mahindi ya msaada yalishuka bei sokoni, ndizi zikapanda. Watu wetu walitoa nguo na nafasi za kulala, kisha walianza kufunga milango kwa makufuli, na yote mawili yalifanywa na watu wale wale. Kila mtu alijua kwamba kambini kuna wajane na yatima, na kwamba kuna walioshika panga. Hakuna alama usoni iliyowatenganisha. Walikuja kusali, walijua nyimbo za Kilatini kuliko sisi, na kwaya yao ilitufundisha sauti ya nne.

Mkesha wa mwaka 1995 ulikuwa tarehe 15 Aprili. Kanisa lilifurika hadi nje. Katika masomo ya mkesha kuna moja ambalo haliruhusiwi kuachwa, la Waisraeli kuvuka Bahari ya Shamu. Lilikuwa somo nililolipenda kuliko yote: maji kusimama kuta mbili, magari ya Farao kukwama, yote hayo. Msomaji alifika mwisho wake, pale Waisraeli wanapowaona Wamisri wamelala wafu ukingoni mwa maji. Kanisa zima lilikuwa limekaa mwendo wa nusu siku kutoka mto Kagera. Baada ya somo hilo huja wimbo wa ushindi wa Musa, na ni wimbo wa shangwe, na kwaya iliuimba kwa sababu umeandikwa kuimbwa hapo. Ngoma zilipigwa polepole kuliko mwaka uliotangulia. Padri alipofika kwenye kubariki maji ya ubatizo, mama mmoja nyuma yetu aliuliza kwa sauti ya chini maji hayo yametoka wapi, na mwenzake akamjibu ni ya mvua, ya tangi la bati.

Njiani kurudi, usiku wa manane, Bibi alikuwa mbele na taa ya chemli. Alisema, "Wamisri nao walikuwa na mama zao." Hakuongeza neno, na sisi hatukumjibu.

Jumapili ya Tomaso ya mwaka huo ilikuwa tarehe 23. Siku moja kabla, huko Kibeho, Rwanda, mahali ambapo Wakatoliki wa kwetu walipajua kwa habari za Bikira Maria kuwatokea wasichana wa shule, watu wengi waliokuwa kambini waliuawa na wanajeshi. Habari hizo zilitufikia baadaye. Kigangoni, baada ya ibada, kijana mmoja wa darasa la kipaimara alimwuliza Mwalimu swali ambalo wakubwa walikuwa wakiliuliza majumbani mwao tu: wauaji nao watafufuka?

"Watafufuka," alisema Mwalimu. "Wasingefufuka, wangekuwa wamepona." Kisha akarudi kwenye vidonda. Mwaka uliopita alikuwa amemfariji Bibi kwa vidonda vile. Sasa alisema ni ushahidi pia. Aliyefufuka aliingia chumbani akawaambia amani, na papo hapo akaonyesha alichofanyiwa. Hakuficha kimoja ili kiwepo kingine. Miongoni mwetu walikuwepo wageni wa kambini, na wengine waliinamisha vichwa, lakini kuinamisha kichwa kanisani hakuthibitishi chochote.

Wakimbizi waliondoka Desemba 1996, baada ya serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kutangaza kwamba wote warudi kabla ya mwisho wa mwezi huo. Vilima vilibaki vipara kwa miaka mingi.

Mwenyekiti wa jumuiya aliishi hadi kuuona mnyauko wa migomba, ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000. Ugonjwa huo unaingia hasa kwa wadudu wanaotembelea ua dume na kwa panga lisilosafishwa. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, ukikata shina hutoka utomvu wa njano. Maafisa ugani walitufundisha kukata ua dume kwa mti wenye panda, kupitisha panga kwenye moto, na kung'oa shina lote pamoja na machipukizi yake, kwa sababu maradhi yamo ndani ya tunguu na mwana hufa na mama. Mwenyekiti alipoteza karibu kibanja chote. Mwalimu alikwenda kumsaidia kung'oa. Nilimwuliza kama alimkumbusha ubishi wao. Alinitazama kama anayemtazama mpumbavu na kusema walizungumza habari za mihogo.

Bibi alifariki masika, wiki chache baada ya Pasaka. Alikwisha kutuachia maagizo, na moja lilitutia matatani. Siku hizi kwetu mwenye uwezo hujengea kaburi kwa zege na vigae, na watoto wake waliokuwa mjini walikwisha kuchanga fedha. Bibi alikuwa amekataa zege waziwazi, mbele ya mashahidi. Alisema siku hiyo hataki kuhangaika na kazi ya fundi, na kwamba anataka kuwahi, kwa sababu ana watu wawili wa kuwatambua kabla hawajaenda mbali. Shangazi alidhani ni utani wa uzeeni. Mwalimu, mzee sana wakati huo, alisema si utani, na kwamba wosia ni wosia.

Tulikubaliana kwa shida: matofali ya kuchoma pembeni, katikati udongo mtupu. Kila mwaka mvua za Aprili hulibomoa kidogo, na kila Pasaka tunapokutana kuna ndugu anayeanza upya hoja ya zege, akiwa ameshika sahani ya wali, na kuna anayemwambia anyamaze ale.